Doha Ina Kumbi, Kikundi Chetu Ki Wapi?

Msimu wa maonyesho mjini Doha hufuata joto. Kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba serikali ya Qatar hukataza kazi za juani tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na hakuna mwenye akili timamu anayeandaa tamasha la wazi miezi hiyo. Joto likishapungua, mji hubadilika. Katara, kijiji cha utamaduni kilichofunguliwa mwaka 2010 kati ya West Bay na The Pearl, huanza kujaa: kuna uwanja wa mawe wa nusu duara unaochukua watu wapatao 5,000, kuna ukumbi wa opera wenye viti 550 unaotumiwa na okestra ya taifa, kuna ukumbi wa michezo ya kuigiza, na kuna ufuo ambako tangu 2011 hufanyika tamasha la majahazi. Zanzibar imewahi kualikwa katika tamasha hilo pamoja na Oman, India, Iran na wengineo, wakaonyesha ufundi wa chombo na ngoma zao, kisha wakarudi kwao. Ratiba za msimu zikianza kutangazwa, Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo wanaoishi huko huulizana swali moja: safari hii analetwa nani? Nadhani swali hilo ndilo linalotuchelewesha. Doha haina upungufu wa kumbi, na Waafrika Mashariki wa Doha hawana upungufu wa vipaji. Wanachokosa ni kikundi cha maigizo na muziki kilicho chao, kinachofanya mazoezi kwa siku zinazojulikana na kupanda jukwaani kila msimu, awepo nyota wa kutoka nyumbani au asiwepo.

Ushahidi wa kwanza uko Ghuba kwenyewe. Leiwa, ngoma inayochezwa Qatar, Bahrain, Kuwait, Falme za Kiarabu na Oman, ilivuka bahari pamoja na watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa waliopelekwa kwenye mashamba ya mitende na mashua za kuzamia lulu. Ina zumari, ina ngoma kubwa ambayo mtu wa Tanga au Pemba angeitambua mara moja kuwa ni msondo, wachezaji wake huzunguka kwa duara, na baadhi ya nyimbo zake zilibaki na maneno ya Kiswahili hata baada ya waimbaji kuacha kuyaelewa. Ngoma hii ilikuwa na kila sababu ya kufa. Biashara ya lulu iliporomoka katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipoua soko kwa pamoja. Utumwa ulikomeshwa Qatar mwaka 1952, na vizazi vilivyofuata vilikuwa na haki ya kutaka kusahau. Halafu yakaja mafuta na gesi, na pamoja nayo redio, televisheni na kila aina ya burudani ya kununuliwa. Leiwa ikabaki kwa sababu ilikuwa na wenyewe: watu waliotunza vyombo, waliojua nani anapiga nini, waliokutana mahali pamoja na kuitwa kwenye harusi na sikukuu. Nyimbo za wazamia lulu nazo zilikuwa na nyumba zake za kukutania nchi kavu, na ndizo zilizozihifadhi wakati mashua zenyewe zilipokuwa zikiozea ufukweni.

Hapa pana hatari ya kujitwalia kisicho chetu. Leiwa leo ni mali ya raia wa Ghuba wenye asili ya Afrika, na wengi wao hawana hamu ya kukumbushwa na mgeni kwamba babu zao waliuzwa. Makumbusho ya Bin Jelmood, yaliyofunguliwa 2015 katika mtaa wa Msheireb ndani ya nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, yanaieleza historia hiyo waziwazi kuliko nchi nyingi za eneo hilo zilivyothubutu, lakini kusoma maelezo ukutani ni jambo moja na kumnyooshea jirani kidole ni jambo jingine. Kwa hiyo siitaji leiwa ili tuidai. Naitaja kwa sababu inaonyesha sanaa ya watu wasio na mali wala cheo inavyoweza kuishi katika mji uleule karne nzima, bila bajeti ya wizara.

Nyumbani hali ni hiyohiyo, ingawa tunapenda kuisimulia vingine. Tukizungumzia taarabu tunaanza na Siti binti Saad na kumalizia na Bi Kidude, kana kwamba sanaa hiyo ilirushwa kutoka mkono wa nyota mmoja hadi wa mwingine. Lakini Bi Kidude alifariki Aprili 2013 na taarabu ikaendelea wiki iliyofuata, kwa kuwa Ikhwani Safaa ilikuwapo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Ni klabu hizo zilizokuwa na chumba, fidla, ganuni, daftari la nyimbo na mwalimu wa kumkaripia kijana aliyechelewa mazoezini. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004, linapata wa kuwapandisha jukwaani kwa sababu kuna vikundi vinavyofanya mazoezi mwaka mzima pasipo tamasha lolote.

Katika Doha yenyewe mfano ulio wazi zaidi ni wa wageni wenzetu. Doha Players ni kikundi cha maigizo cha ridhaa kilichoanzishwa na wageni wazungumzaji wa Kiingereza katika miaka ya 1950, wakati Qatar ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuuza mafuta. Waigizaji wake ni watu wenye kazi zao za mchana. Tarehe 19 Machi 2005, wakiwa katikati ya onyesho la Twelfth Night ya Shakespeare, mtu wa kujitoa mhanga aliendesha gari lenye mabomu hadi kwenye ukumbi wao. Mwingereza mmoja, Jonathan Adams, aliuawa, wengine kadhaa wakajeruhiwa, na jengo likaharibika kabisa. Kikundi kilichotegemea jengo kingeishia hapo. Doha Players waliendelea katika kumbi za kuazima. Msomaji atasema, na ana haki, kwamba mhandisi wa Kiingereza mwenye nyumba na gari hawezi kulinganishwa na mlinzi kutoka Kitale anayelala chumba kimoja na wenzake. Basi tutazame mfano ulio karibu zaidi na hali yetu. Wahindi walioko Qatar ni zaidi ya laki saba, na sehemu kubwa yao ni vibarua wa ujenzi na wahudumu wa chini. Wao wana kituo cha utamaduni chini ya mwavuli wa ubalozi wao, chenye ukumbi wake, na chini ya kituo hicho vimesajiliwa vyama vya majimbo na lugha mbalimbali. Mmalayali anayetaka kucheza tamthilia ya Kimalayalam anajua aende kwa nani, atumie barua ya nani na ukumbi upi. Idadi yao inawasaidia, sikatai. Lakini Wahindi 20 wanaofanya mazoezi ya tamthilia ni watu 20 tu, na 20 hao sisi tunao.

Pingamizi zito kuliko yote ni la muda na uchovu. Kima cha chini cha mshahara Qatar, kwa sheria iliyoanza Machi 2021, ni riali 1,000 kwa mwezi, yaani zaidi kidogo ya dola 270, pamoja na malazi na chakula au posho yake. Mlinzi anayesimama mlangoni kwa saa kumi na mbili, kisha akapanda basi la kampuni hadi kambini, hana nguvu ya kukariri maneno ya tamthilia. Siku yake ya mapumziko anaitumia kufua nguo na kupiga simu nyumbani. Anayesema hivyo anasema kweli. Hata hivyo ukweli huo haumalizi habari. Katika eneo la makanisa la Mesaimeer, Ijumaa ndiyo siku yenye msongamano, na ibada huendeshwa kwa lugha nyingi. Ibada hizo zina waimbaji, na hakuna kwaya inayoimba sauti nne bila mazoezi. Watu wanaofanya kazi ngumu wanapata muda wa jambo wanaloliona ni lao, mradi liwe na siku maalumu na mtu wa kuwangoja. Kule Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, mwaka 1977, waliocheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Walijenga wenyewe jukwaa la wazi la kuchukua watu wapatao 2,000. Hakuna aliyewaambia kwamba tamthilia ni starehe ya wenye nafasi.

Lakini mfano wa Kamĩrĩĩthũ unaleta pingamizi la pili, ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini. Serikali ya Kenya iliondoa kibali cha tamthilia ile baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani, ugenini je? Mei 2021 mlinzi Mkenya, Malcolm Bidali, aliyekuwa akiandika kwa jina la bandia kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji, alikamatwa Doha, akakaa kizuizini kwa takriban mwezi mmoja, na baadaye akatozwa faini ya riali 25,000. Mtu asiyelitaja jambo hilo anapowahimiza wafanyakazi wapande jukwaani anawadanganya. Qatar si mahali pa kuigiza mgomo. Mkusanyiko wa hadhara unahitaji kibali, na maneno yanayosemwa mbele ya watu yana mipaka ambayo mgeni hana uwezo wa kuisogeza. Nakubali yote hayo, na bado naona yanaunga mkono hoja yangu. Mtu mmoja mmoja, akiwa na simu yake na hasira yake, ndiye aliye dhaifu kuliko wote. Kikundi kilichoandikishwa ubalozini, chenye barua, chenye mswada uliosomwa na wahusika kabla, kina kinga ambayo mtu peke yake hana. Na sanaa ya kuigiza ina masomo mengi kuliko malalamiko: mahari, mirathi, shemeji anayekula fedha za kujengea nyumba, mchumba aliyeahidi kungoja miaka miwili. Mambo haya hayamkwazi afisa yeyote, na kila mtu ukumbini atajiona ndani yake.

Wako pia wanaosema kwamba hadhira haitakuja isipokuwa kwa jina kubwa. Mwimbaji wa bongo fleva akitua, watu hulipa. Kikundi cha walinzi na wahudumu wa hoteli kikitangaza tamthilia, nani atapanda metro? Jibu lilitolewa bila kukusudiwa wakati wa Kombe la Dunia la 2022. Kijana Mkenya, Abubakr Abbass, aliwekwa kwenye kiti kirefu karibu na soko la Souq Waqif, akapewa kipaza sauti na mkono mkubwa wa sponji, kazi yake ikiwa kuwaelekeza mashabiki njia ya metro. Kazi ile ingeweza kufanywa na kibao. Yeye aliifanya kwa mahadhi, akaitikiwa na umati, watu wakasimama kumrekodi badala ya kwenda walikoelekezwa, na hatimaye akaalikwa uwanjani Al Bayt kwenye mechi ya Uingereza na Marekani awasalimie watazamaji. Hakuwa nyota aliyeletwa. Alikuwa mfanyakazi mwenye sauti, mdundo na ujasiri wa kuitikisa hadhira ya mataifa. Tulishangilia, tukasambaza video, kisha ikaisha hapo. Hapakuwa na kikundi cha kumwambia yeye na wengine wa aina yake kwamba wiki ijayo kuna mazoezi.

Sidharau nyota. Onyesho la mwanamuziki mashuhuri linawapa watu usiku wa kujisikia nyumbani, na hilo lina thamani yake. Ila tazama fedha inavyokwenda: tiketi za ndege, hoteli, vyombo vya kukodi, malipo ya msanii. Asubuhi yake ndege inaondoka na kila kitu. Sehemu ndogo tu ya gharama hizo ingenunua ngoma, gitaa na vipaza sauti ambavyo vingebaki Doha kwa miaka. Kwa kweli hata nyota mwenyewe angefaidika, maana angekuta bendi ya kumsindikiza na vijana wa kumfungulia onyesho.

Kuhusu cha kuigiza, tuko katika hali nzuri kuliko tunavyodhani. Wakenya waliofika Doha wakiwa na miaka ishirini na kitu wametoka katika shule zenye mashindano ya kitaifa ya drama na muziki kila mwaka, na wametahiniwa Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa tamthilia teule. Mmoja alikesha na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, mwingine na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, mdogo wao na Kigogo ya Pauline Kea. Wanawafahamu wahusika na migogoro, na wengine bado wanakumbuka mazungumzo mazima yaliyokaririwa kwa hofu ya mtihani. Watanzania wana hazina ya Ebrahim Hussein na Penina Muhando, na wana mazoea ya vichekesho vya majukwaani ambavyo havihitaji mswada wowote. Waganda na Wakongo wataleta gitaa na uimbaji. Kuchagua kutahitaji busara kidogo. Mfalme Juha ya Farouk Topan ni tamthilia ya kuchekesha sana, lakini kikundi kinachoomba kibali katika nchi ya amiri pengine kisianze nayo.

Lipo kundi moja ambalo mpango wowote wa namna hii huelekea kulisahau, nalo ni la wanawake wanaofanya kazi majumbani. Sheria ya mwaka 2017 inawapa siku moja ya mapumziko kwa wiki na kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku, lakini sheria iliyo karatasini na ufunguo wa mlango ulio kwa mwajiri ni mambo mawili tofauti. Onyesho la saa tatu usiku limewafungia nje tangu tangazo. Onyesho la Ijumaa alasiri, linalomalizika kabla ya magharibi, karibu na kituo cha metro, linawapa nafasi wale walau wanaoruhusiwa kutoka. Nauli ya metro ni riali mbili kwa safari, na Katara ina kituo chake kwenye mstari mwekundu. Eneo la Viwanda, wanakoishi wanaume wengi, reli haifiki. Huko itabidi kikundi chenyewe kiende kikacheze, kwenye bwalo la kambi kama kampuni itakubali, bila taa za rangi. Kikundi kitakachocheza Katara tu kitakuwa kimewachagua watazamaji wake kwa mishahara yao, hata kama hakikukusudia.

Balozi za Kenya na Tanzania mjini Doha zina sababu ya kulichukua jambo hili, nalo halitazigharimu sana. Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huadhimishwa katika miji mingi kwa hotuba, shairi moja na picha ya pamoja. Doha mwezi huo joto huvuka nyuzi 40, kwa hiyo shughuli ni ya ndani kwa vyovyote vile, na ukumbi wenye kiyoyozi ukishakodiwa kwa hotuba unaweza kutumika pia kwa tamthilia. Balozi hazihitaji kuunda kikundi, wala sidhani zinapaswa. Maofisa wa serikali wakianza kugawa nafasi za kuigiza, sanaa itakufa mapema kuliko leiwa ilivyokataa kufa. Zinachotakiwa kutoa ni barua ya kuombea kibali, jina la kuandikishia vyombo na chumba cha mazoezi wikendi, ambacho ofisi nyingi huwa nacho kikiwa kitupu. Ni vyema pia Wakenya na Watanzania wafanye hili pamoja. Kila ubalozi ukianzisha kikundi chake kwa kushindana, tutakuwa na vikundi viwili vyenye watu tisa tisa, na ubishi usiokwisha juu ya Kiswahili cha nani ni sanifu.

Fedha ni jambo la kupangwa tangu mwanzo, maana ndiyo inayovunja vikundi vya ridhaa hata nyumbani. Tiketi ya riali kumi haimtishi mtu wa riali 1,000, na watazamaji 300 wataleta riali 3,000. Hizo hazitoshi kukodi ukumbi wa opera, lakini zinatosha mbao, vitambaa, chapa za matangazo na basi la kuwarudisha waigizaji kambini usiku. Mambo mawili hayafai kufanywa kwa mazoea ya nyumbani. Michango haipitishwi kwa kofia wala kwenye kundi la simu, kwa sababu Qatar inasimamia ukusanyaji wa fedha kwa mamlaka maalumu na kuchangisha bila idhini ni kosa. Na hesabu za tiketi zibandikwe pale pale mlangoni pa chumba cha mazoezi kila onyesho likiisha, pamoja na stakabadhi, kabla hakujaitishwa kikao kinachofuata.